Kidonda Kisichouma: Alupe, Magurudumu na Mgongo wa Mpakani

Kijana akivunjika uti wa mgongo katika ajali ya pikipiki kwenye barabara ya Malaba kwenda Busia, mara nyingi si ajali yenyewe inayomuua. Hufikishwa hospitalini akiwa na fahamu zake, miguu ikiwa haina nguvu wala hisia, akalazwa chali kusubiri picha na barua ya rufaa. Siku chache baadaye ngozi iliyo juu ya kifandugu hubadilika rangi, kisha hulainika, kisha hufunguka. Yeye hasikii chochote. Anayegundua ni mama yake au dada yake, anapobadilisha shuka na kuona majimaji. Kuziba shimo hilo kuna upasuaji wake unaojulikana vizuri: msuli wa makalio huinuliwa pamoja na mishipa yake ya damu, ukazungushwa na kulazwa ndani ya jeraha. Tukizungumzia sehemu za pembezoni kama Busia na Malaba, kwenye mpaka wa Kenya na Uganda, huwa tunadhani kwamba kilichokosekana kihistoria ni upasuaji huo, na kwamba siku daktari wake atakapokuja tatizo litakwisha. Nadhani historia ya mahali hapa inasema vingine. Maarifa makubwa zaidi kuhusu kidonda cha mtu asiyesikia maumivu yalifika Busia mapema, tangu miaka ya 1950, yakakaa Alupe, kilomita chache kutoka mjini. Yalikuja kwa jina la ukoma, na kwa sababu hiyo yalibaki nyuma ya ua wa ukoma hadi ugonjwa huo ulipopungua na watu wakaacha kuyatafuta.

Kwanza tuuangalie upasuaji wenyewe kwa karibu, kwa maana hoja yangu yote imo ndani yake. Mtu akilala chali bila kugeuzwa, uzito wake hukandamiza nyama kati ya mfupa na godoro hadi damu isipite. Nyama iliyo karibu na mfupa hufa kabla ya ngozi. Ndiyo maana kidonda hiki hudanganya: juu unaona tundu linaloweza kufunikwa na kikombe, chini yake kuna pango linaloingia pande zote chini ya ngozi iliyo nzima, na sakafu yake ni mfupa. Daktari hukata kila kilichokufa hadi afikie nyama inayotoa damu, hupunguza ncha ya mfupa iliyochomoza, kisha hufungua kalio na kuufuata msuli mkubwa hadi zinapoingilia ateri zake mbili, ya juu na ya chini. Ateri hizo hazikatwi. Msuli hutenganishwa kandokando, mara nyingi pamoja na ngozi yake, ukasogezwa hadi uzibe pango, ukashonwa tabaka kwa tabaka bila kuvutwa, na mrija ukaachwa ndani kutoa majimaji. Tofauti yake na kupandikiza ngozi ni hii: ngozi iliyopandikizwa huombea damu mahali inapowekwa, na juu ya mfupa uliooza hakuna damu ya kuomba. Msuli huja na damu yake. Baada ya hapo mgonjwa hulala kifudifudi au ubavu kwa wiki kadhaa, hakalii jeraha hata dakika moja, na akianza kuketi huanza kwa dakika chache tu kwa siku.

Ufundi huo haukuzuka ghafla. Mwaka 1938 John Staige Davis wa Marekani alipendekeza makovu membamba yanayofunika vidonda vya kulala yaondolewe na mahali pake pawekwe ngozi nene yenye mafuta chini yake. Mwaka 1944 Ludwig Guttmann, mkimbizi kutoka Ujerumani, alikabidhiwa wodi ya waliopooza huko Stoke Mandeville, Uingereza. Kabla yake, askari aliyevunjika uti wa mgongo alitarajiwa kufa upesi, kwa vidonda na kwa maambukizi ya mkojo. Guttmann hakuanza na kisu. Alianza kwa kuagiza kila mgonjwa ageuzwe kila baada ya saa mbili, usiku na mchana, na alisimamia agizo hilo mwenyewe. Katika miaka ya 1960 Ralph Ger, daktari wa Afrika Kusini, alionyesha kwamba msuli unaweza kuhamishwa kufunika kidonda sugu cha mguu, na mnamo 1976 na 1977 msuli wa makalio ukaelezwa katika majarida ya tiba kama njia ya kuziba vidonda vya waliopooza. Kwa hiyo utaratibu wa kumgeuza mgonjwa uliutangulia msuli wa makalio kwa zaidi ya miaka thelathini, na ni utaratibu huo uliowafanya waliopooza waishi muda wa kutosha hadi swali la kuhamisha msuli likapata maana.

Kuna ushahidi mwingine ambao wanaosifu upasuaji huu hawautaji vya kutosha. Mwaka 1992 madaktari wa Baltimore walichapisha matokeo ya wagonjwa waliofungwa vidonda kwa mbinu hizi. Upasuaji wenyewe ulikuwa umefanikiwa, majeraha yakapona. Hata hivyo zaidi ya nusu ya vidonda vilirudi, kwa wastani kabla mwaka haujaisha, na walioumia zaidi walikuwa vijana waliopooza kwa majeraha. Hao walikuwa na hospitali kubwa, vifaa na wataalamu. Majaribio ya maabara yalikwisha kueleza sababu mojawapo: msuli ni hodari wa kuleta damu na kupambana na usaha, ila ukikandamizwa hufa kabla ya ngozi. Msuli uliohamishwa si mto wa kukalia. Unaziba shimo na kumrudisha mgonjwa mwanzo, na kuanzia hapo kinachoamua ni kama kuna mtu aliyemfundisha kujiinua mikononi kila baada ya dakika chache, kujikagua kwa kioo kila jioni, na kuyaamini macho yake kwa kuwa makalio yake hayatamwambia kitu.

Hapo ndipo Alupe inapoingia. Mwaka 1948 Kenya, Uganda na Tanganyika ziliwekwa chini ya Halmashauri Kuu ya Afrika Mashariki kwa huduma za pamoja, kama reli na utafiti. Ukoma ulihesabiwa kuwa tatizo la nchi zote tatu. James Ross Innes, mtaalamu wa ukoma aliyetumikia nchi zote tatu, alizunguka kupima ukubwa wake, na katika miaka ya 1950 kituo cha utafiti wa ukoma cha Afrika Mashariki kikajengwa Alupe, katika nchi ya Wateso, kikapewa jina la kumkumbuka John Lowe, daktari aliyeonyesha nchini Nigeria kwamba vidonge vya dapsoni vinatibu ukoma. Mahali hapo palikuwa na maana. Mpaka uliotokana na uamuzi wa 1902 wa kuhamisha mkoa wa mashariki wa Uganda kwenda upande wa Kenya uliwagawa Wateso, Wasamia na jirani zao, lakini haukuugawa ugonjwa. Upande wa Uganda, Kumi palikuwa na hospitali ya ukoma ya wamisionari wa Kianglikana, na Buluba, karibu na ziwa, palikuwa na ile ya Wakatoliki, ambako Wanda Błeńska kutoka Poland alitibu wagonjwa kwa miongo kadhaa kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1950. Alupe ilikuwa sehemu ya mtandao huo wa watu waliosoma majarida yale yale na kuwaona wagonjwa wa aina moja.

Na mtandao huo ulikuwa unajifunza jambo kubwa. Kwa karne nyingi watu waliamini kwamba ukoma unakula vidole. Paul Brand, daktari wa upasuaji aliyefanya kazi Vellore, India, kuanzia 1946, aliwafuatilia wagonjwa wake siku nzima, akaona vidole haviliwi na ugonjwa. Vinaungua kwenye sufuria, vinajeruhiwa na mpini wa jembe, vinachubuliwa na kiatu, kwa kuwa neva zimekufa na mwenyewe hasikii. Nyayo zinatoboka kwa kutembelea sehemu moja bila kuchechemea. Mwaka 1948 alianza kuhamisha kano za mikono ili vidole vilivyojikunja vifunguke, na katika tiba ya ukoma misuli nayo ikahamishwa: msuli wa panja kufunga jicho lisilofumba, misuli midogo ya unyayo kuziba kidonda cha kisigino. Lakini Brand na wenzake walisema wazi kwamba mkono uliorekebishwa utaharibika tena ikiwa mwenyewe hajafundishwa kuulinda. Wakatengeneza ndara zenye soli laini ya mpira, wakafunga nyayo kwa plasta ngumu ili uzito usambae, wakawazoesha wagonjwa kukagua miguu kila siku. Ukibadilisha unyayo uweke kifandugu, na kiatu uweke godoro, umepata somo lote la mgonjwa aliyevunjika mgongo. Baltimore ya 1992 iliandika upya, kwa wagonjwa wengine, jambo ambalo hospitali za ukoma zilikuwa zinalijua.

Msomaji aliyekulia Busia anaweza kunipinga hapa kwa mfano ulio mbele ya macho yake. Atasema mpaka huu haukuhitaji madaktari wa ukoma kufundisha waliopooza kuishi. Waliopooza wenyewe waliwafundisha wengine. Pingamizi hilo lina uzito. Idi Amin alipochukua madaraka mwaka 1971 na kuwafukuza Waasia mwaka uliofuata, maduka ya Uganda yalikauka, na sabuni, chumvi, sukari na mafuta ya taa vikawa vinapita mpakani kwa kila njia. Kahawa nayo ilivuka kuja upande wa Kenya, hasa baada ya baridi kali kuharibu mibuni ya Brazili mwaka 1975 na bei kupanda. Kaskazini mwa Malaba, Chepkube ikawa soko lililovuma Kenya nzima. Katika biashara hiyo waliingia watu ambao jamii ilikuwa imewazoea wakiwa wamekaa kwenye mkeka: watu wenye miguu iliyopooza, wakiendesha baiskeli za magurudumu matatu kwa mikono. Pedali ziko kifuani, mnyororo unashuka hadi gurudumu la mbele, na chini na nyuma ya kiti kuna nafasi ya kubeba mzigo ambao mtembea kwa miguu asingeuweza. Watafiti Herbert Muyinda na Susan Reynolds Whyte wameandika jinsi watu hao wa Busia walivyoungana, wakajenga nyumba, wakaoa, wakasomesha watoto na kuajiri wenye miguu mizima wawasukume, na jinsi maofisa wa forodha walivyokuwa wakiwaachia wapite. Ni mojawapo ya sura za fahari katika historia ya mpaka huu, na hakuna hospitali inayoweza kudai kwamba iliileta.

Hata hivyo tuangalie nani hasa alikuwa juu ya kiti kile. Wengi walikuwa watu waliopata polio utotoni. Polio huharibu neva zinazoamuru misuli na kuziacha zile za hisia. Mtu wa polio akikalia ubao siku nzima kutoka soko hadi forodhani, makalio humuuma, naye hujisogeza bila hata kufikiri. Aliyekatika uti wa mgongo akipewa baiskeli ile ile, kwenye kiti kile kile, atavuka mpaka mara kadhaa na jioni atakuwa na mwanzo wa shimo. Watu hawa wawili hufanana machoni, wote wawili miguu haiwabebi, na nadhani kufanana huko kulitupoteza. Kwa kuwa tulikuwa tumeona waliopooza wakifanikiwa, tulidhani anachohitaji aliyepooza ni gurudumu na moyo. Anayekufa kwa kidonda miezi kadhaa baada ya ajali alionekana amekosa bahati, au amekosa moyo, kumbe alikosa kitu ambacho mwenzake wa polio hakuwahi kukipoteza. Mfano wa magurudumu matatu hauivunji hoja yangu. Unaonyesha kwa usahihi mahali pengo lilipokuwa.

Sasa angalia jinsi nyakati zilivyopishana. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika na kituo cha Alupe kikabaki mikononi mwa Kenya. Mwaka 1979 taasisi ya utafiti wa tiba, KEMRI, iliundwa, na Alupe ikawa tawi lake. Mapema miaka ya 1980 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza dawa za ukoma zitolewe kwa mchanganyiko, na wagonjwa wakapungua haraka. Huo ni ushindi, na sitaupunguza. Lakini ushindi dhidi ya vimelea uliondoa pia sababu ya kuwa na watu waliojua kutunza ngozi isiyo na hisia. Wakati huo huo mpaka ulikuwa unabadilisha vyombo vyake vya usafiri. Baiskeli za kubeba abiria, zilizoanza hapa Busia na Malaba tangu miaka ya 1960 kwa ajili ya wenye mizigo waliotakiwa kuvuka eneo la katikati ya forodha mbili, zilisambaa Kenya na Uganda nzima. Mwishoni mwa muongo wa 2000 kodi ya pikipiki ndogo iliondolewa Kenya, na pikipiki zikachukua nafasi ya baiskeli, kwenye barabara ile ile inayopitisha malori ya Mombasa kwenda Kampala, Kigali na mashariki ya Kongo. Migongo isiyo na hisia ilianza kuja kwa wingi baada ya nyayo zisizo na hisia kupungua. Hakuna aliyeupeleka ujuzi kutoka wodi moja hadi nyingine, kwa maana kwenye vitabu vya serikali hayo yalikuwa magonjwa mawili tofauti: moja la ngozi na maambukizi, lingine la mifupa na ajali.

Njia iliyobuniwa kwa waliovunjika migongo ilikuwa rufaa. Hospitali ya taifa ya majeraha ya uti wa mgongo, ambayo asili yake ni makao ya wanajeshi waliojeruhiwa katika Vita vya Pili vya Dunia, iko Nairobi, zaidi ya kilomita 400 kutoka Busia, na kwa miaka mingi imekuwa na vitanda takriban 30 kwa nchi nzima. Eldoret kuna hospitali kuu ya rufaa ya Moi, iliyo karibu zaidi. Kuna watakaosema kwamba hilo ndilo jibu sahihi, kwa kuwa upasuaji wa kuhamisha msuli unahitaji daktari bingwa, damu na chumba cha upasuaji kinachoaminika, na haiwezekani kila kaunti iwe navyo. Nakubali kuhusu daktari. Lakini mgonjwa aliyesafirishwa chali kwenye gari kwa saa nane bila kugeuzwa hufika Nairobi akiwa na kidonda ambacho hakuwa nacho alipotoka Busia. Na aliyeshonwa vizuri Eldoret, akarudishwa nyumbani Amukura au Nambale kulala kwenye godoro jembamba bila mtu aliyefundishwa, huyo ndiye mgonjwa wa Baltimore mwenye nafasi ndogo zaidi. Wazo la kumleta bingwa aliko mgonjwa nalo si geni kwetu. Michael Wood, aliyekuja Kenya miaka ya 1940 na baadaye akajifunza upasuaji rekebishi kwa Archibald McIndoe huko Uingereza, alianzisha pamoja na McIndoe na Tom Rees wa Marekani, mwaka 1957, shirika lililokuja kuitwa AMREF, wakitumia ndege kufikia hospitali za mbali. Mpango huo ulikuwa mwafaka kwa mdomo uliopasuka na kovu la moto lililokunja mkono: daktari anashuka, anakata, anashona, anaruka, na kazi inabaki imara. Kidonda cha kifandugu hakikubali matibabu ya namna hiyo. Siku ya upasuaji ni siku moja tu kati ya wiki nyingi, na wiki zilizobaki ni za muuguzi, wa tabibu wa viungo na wa familia.

Nikisema Alupe ndipo pa kufanyia kazi hiyo, pingamizi gumu zaidi linatoka kwa wale walioishi na jina la Alupe. Watasema kwamba kumpeleka kijana aliyeanguka na pikipiki mahali ambapo wazazi wake walipajua kuwa pa wakoma ni kumwongezea aibu juu ya msiba. Sidharau hofu hiyo. Watu walitengwa na jamaa zao kwa sababu ya ugonjwa huu, na jina la mahali hubeba kumbukumbu. Lakini Alupe imekwisha kubadilika mbele ya macho ya watu. Pana hospitali inayotibu kila mtu. Pana chuo kikuu, kilichopewa hati yake mwaka 2022. Na mwaka 2020, malori yalipojipanga kilomita nyingi kuelekea Malaba na Busia yakisubiri vipimo vya korona, maabara ya KEMRI ya Alupe ndiyo iliyopima sampuli za madereva. Kituo kilichojengwa kwa ajili ya ukoma wa nchi tatu kilifanya kazi ya mpakani kwa ugonjwa mwingine kabisa. Tangu 2013 afya iko mikononi mwa kaunti, kwa hiyo uamuzi wa kufundisha wauguzi wa hospitali ya rufaa ya Busia na ya Kocholia, karibu na Malaba, kutunza ngozi isiyo na hisia hauhitaji kusubiri Nairobi. Daktari wa kuhamisha msuli anaweza kuja kwa zamu. Wa kugeuza kila saa mbili lazima awe anaishi hapo.

Wapo pia wagonjwa ambao hawakuanguka popote. Ni watoto wanaozaliwa na mgongo wazi, neva zikiwa nje sehemu ya chini ya mgongo. Hospitali inayojulikana zaidi kwa kuwatibu katika ukanda huu iko Mbale, upande wa Uganda, mwendo mfupi kutoka Malaba ukipitia Tororo. Ilifunguliwa mwanzoni mwa muongo wa 2000, na huko Benjamin Warf alibuni njia ya kutibu maji ya kichwani bila kutegemea mrija wa kudumu. Imepokea watoto kutoka nchi jirani pamoja na Kenya. Mgongo hufungwa mapema baada ya kuzaliwa, na penye pengo kubwa misuli ya pembeni husogezwa kulifunika, kanuni ile ile ya msuli kuja na damu yake. Mtoto hurudi Amagoro au Bumala akiwa na kovu safi. Wengi wao, kulingana na mahali neva zilipoharibika, watakua bila hisia kwenye makalio na nyayo. Wataanza kuketi darasani kwenye madawati ya mbao saa sita kwa siku, na vidonda vyao vya kwanza vitatokea wakiwa na umri wa kwenda shule, kwenye unyayo kama vya mkoma na kwenye kifandugu kama vya aliyevunjika mgongo, katika mwili mmoja. Kadi ya kliniki ya mtoto huyo ina mahali pa kuandika chanjo na uzito. Mahali pa kuandika ngozi yake ilikaguliwa lini, na nani nyumbani aliyefundishwa kuikagua, bado hapajawekwa.